Tulitaka Vibanda Viwili, Nikapata Talaka Moja

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mkazi wa Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe. Sina mume, sina mtoto. Nina kibanda cha mbao ninachouzia chai na vitumbua. Mkisikia nilivyokipata wengine mtanicheka, na mnicheke tu... mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka nikalia!

Nilikuwa mke wa Shomari, muuza nazi sokoni. Mwanamume mcheshi, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Tulipanga chumba kimoja, lakini kicheko hakikuisha humo ndani. Mungu hakutujalia mtoto, na Shomari hakuwahi hata siku moja kunisimanga kwa hilo. Kwa nini nisimwamini?

Siku moja tukaitwa kwenye mkutano wa tawi. Bwana mmoja kutoka mkoani akatueleza kwamba serikali imetenga fedha za kutengeneza njia ya matembezi, ya watu wa miguu na baiskeli tu, kuanzia Jangwani kufuata bonde mpaka upande wa bahari. Alisema Jumapili alasiri magari ya watu binafsi yamekatazwa kutembea ili kubana mafuta, basi wananchi wapate mahali pa kunyoosha miguu na kupumzisha akili.

Mzee mmoja akasimama kwa hasira. "Ndugu, sukari foleni, unga foleni, halafu nyinyi mnatujengea pa kutembelea?" Tukampigia makofi.

Yule bwana hakukasirika. Akasema mtu akitembea husikia kiu, husikia na njaa. Atanunua dafu, atanunua chai na karanga, na fedha hiyo itabaki kwa wakazi wa hapa. Vibanda vitajengwa kwa fedha hizo hizo za umma, huku mwanzo wa njia na kule mwisho wake, na kamati ya tawi itavigawa bure. Ila kila kaya itapata kibanda kimoja tu, ili neema iwafikie wengi.

Kaya moja, kibanda kimoja... Laiti ningeziba masikio siku ile!

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, Shomari akanishika mkono. "Mke wangu, na sisi tukiwa kaya mbili, je?" Akanieleza. Atanitamkia talaka moja mbele ya shehe na mashahidi, kisha ahame akapange chumba Buguruni. Mimi niombe kibanda cha Jangwani, yeye aombe cha upande wa bahari. Vikishagawiwa, kabla eda yangu haijaisha, atanirejea kwa kauli tu, bila mahari wala ndoa mpya. Kibanda kikishatolewa, nani atakuja kukinyang'anya?

Nilicheka kwa furaha! Nilimwona mume wangu ana akili kuishinda kamati nzima.

Shehe wetu alitutazama sana. Akaniuliza kama kweli tumeshindwana. Nikaitikia. "Mwanangu, talaka haina mzaha," akasema. "Ikishatamkwa, imetamkwa." Niliinama nikauma ncha ya kanga nisije nikacheka mbele ya mtu mzima. Shomari akatamka.

Jioni akakunja mkeka, akachukua shuka moja na sufuria ndogo, akaondoka. Wapangaji wenzangu walikuja kunipa pole. Nikazipokea pole zao kwa uso wa huzuni, huku moyoni nikiwaona wajinga. Mjinga nani, wasomaji wangu?

Jambo moja hatukulipima. Mwanamke akiwa edani hukaa ndani, hasa kwetu sisi watu wa pwani. Vibanda viligawiwa, mimi nikapata changu na Shomari chake, lakini nitakwendaje kukaa barabarani watu wakiniona? Na kamati ilisema wazi kwamba kibanda kitakachofungwa kitapewa mwingine. Shomari akasema nisihangaike, yupo Tatu, binti wa shangazi yake, atanikalia kibandani mpaka nimalize eda. Nilimshukuru. Mimi, kwa mdomo wangu, nilimshukuru!

Siku ya kufungua njia nilisikia matarumbeta na vigelegele kutoka Jangwani, nami nimeketi kitandani nachambua mchele. Nilitamani kuona watu wanavyotembea humo, maana niliiombea njia ile kuliko mtu yeyote. Nyumba nzima ilikwenda, na mimi nikabaki na kuku wa uani.

Mwanzoni Shomari alikuwa akipita kwa mlango wa nyuma, ananipa samaki kutoka Feri, tunanong'ona kama wachumba. Nikimwambia anirejee, anasema subiri kidogo, kamati bado inachunguza. Mwezi wa pili akawa anamtuma Tatu. Tatu alikuwa mpole. Aliniletea mauzo yangu, akanitwangia kisamvu, akanisuka nywele. Nilimwambia siri zangu zote... na yeye alikuwa akinisikiliza kwa makini!

Mwezi wa tatu nikawa natuma salamu hazijibiwi. Nililala nikiusikiliza mlango wa nyuma. Nilitwaharika hedhi ya tatu, eda ikaisha, na mlango haukubishwa. Ijumaa iliyofuata mpangaji mwenzangu akaniuliza kama nimesikia. Shomari amemwoa Tatu, Buguruni, pilau imeliwa.

Sikulia siku hiyo. Kesho yake nilioga, nikavaa, nikaenda kwenye kibanda changu. Nikakuta birika limesuguliwa na vikombe vimepangwa vizuri kuliko nilivyozoea kupanga mimi. Hapo ndipo nilipolia.

Haukupita muda, watu wakalalamika. Yule aliyekuwa akiuza Jangwani ndiye mke wa mwenye kibanda cha baharini, na mwenye kibanda cha Jangwani ndiye mtalaka wake! Kamati ikatuita. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye heshima zake, akanigeukia mimi. "Bibi, tunataka neno moja. Talaka yako ilikuwa ya kweli, au mlitudanganya?"

Tatu alisimama nyuma ya mumewe. Shomari alitazama sakafu. Nilikuwa na neno la kuwamaliza wote wawili hapo hapo! Nikisema ya uongo, vibanda vyote viwili vinachukuliwa. Lakini mume atarudi? Eda imekwisha, na ana mke. Na mimi nitakula nini?

"Ya kweli," nikasema. "Aliniacha."

Shomari akashusha pumzi. Akatabasamu, wallahi, hakuweza hata kujizuia! Kumbe mpaka dakika ile moyoni nilikuwa bado mke wa mtu, nasubiri. Pale ndipo nilipoachika, tena kwa ulimi wangu mwenyewe.

Sina ugomvi na ile njia. Fedha zetu zilifanya kazi iliyosemwa. Jumapili bonde linajaa watu, wauzaji wanapata riziki, na mimi silali njaa. Yule mzee aliyefoka mkutanoni sasa huja kunywa chai kwangu. Lakini mwisho wa njia, kule upande wa bahari, sijafika. Wateja huniambia kuna upepo mzuri.

Wanawake wenzangu, nawasihi! Mume akija na hila tamu, hata iwe na faida ya namna gani, ndoa yako usiifanye chombo cha kudanganyia kamati. Usitamke wala usikubali kutamkiwa neno ambalo huwezi kulirudisha wewe mwenyewe. Kama mmegawiwa kibanda kimoja, kaeni wawili humo humo, mbanane, mgombane, mgusane viwiko. Benchi langu lina nafasi ya mtu wa pili. Hapo naweka kapu.