Kenge wa Ukurasa wa Mwisho

Saa mbili na nusu asubuhi, droo ya michoro katika ofisi ya wachapishaji ilikutwa na picha thelathini. Zilipaswa kuwa thelathini na moja. Iliyokosekana ilikuwa ya mwisho, ile ambayo Mpelelezi Nguchiro anamkamata Kenge akiwa na yai la Kanga mdomoni. Hebu fikiria, kitabu cha upelelezi kisicho na mwizi! Wasomaji wa miaka minane hawana msamaha kwa mambo kama hayo.

Aliyeifungua droo alikuwa mkoleza rangi, msichana mpole, mtoto wa kaka wa mchoraji. Mchoraji mwenyewe ofisi nzima ilimwita Shangazi, hata meneja aliyemzidi umri. Jina lake lilikuwa juu ya kila kitabu cha Nguchiro kwa miaka kumi na tisa.

Kwa miaka hiyohiyo msahihishaji alikuwa amesoma prufu zote, kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, akiwa amesimama. Alikuwa mama mwembamba asiyejua kukaa, kalamu nyekundu sikioni, na asubuhi hiyo alikuwa ameshaizunguka meza mara sita.

"Nani alifika wa kwanza?" aliuliza.

"Mimi, mama," alisema msichana. "Saa mbili kamili. Nina ufunguo wa pili. Nikachanganya rangi, kisha nikafungua droo nihesabu. Picha hamna, imebaki shashi yake tu."

Kila picha ilihifadhiwa chini ya karatasi laini ya shashi, isikwaruzwe. Shashi ya thelathini na moja ilikuwa imelala drooni peke yake.

"Nusu saa nzima peke yako," meneja alidakia. "Jana nimefunga mlango kwa mkono wangu. Binti, gari la kiwanda cha uchapaji linakuja saa nane. Picha isipoonekana kufikia hapo, na wewe usionekane tena hapa."

Msichana alifungua mdomo, akamtazama shangazi yake, akaufunga. Shangazi alikuwa anafuta miwani yake, ambayo ilining'inia shingoni kwa kamba usiku na mchana.

Ukimya wa Shangazi ulimkera msahihishaji kuliko wizi wenyewe. Alimpenda msichana yule, na aliona wazi kwamba anaonewa. Lakini kuona si kuthibitisha.

Alianza na meneja, maana meza ya meneja iko kwenye mlango pekee wa ofisi.

"Jana nani aliingia, nani alitoka?"

"Mwandishi wa kitabu alikuja saa nane akilalamika, akaondoka saa tisa. Shangazi alifika saa kumi na dakika tano na mkoba wake wa michoro, akaenda kuiweka picha. Saa kumi na robo akatoka na mpwa wake. Akarudi ndani mara moja kuchukua miwani, akatoka tena, nikafunga."

"Picha uliiona?"

"Niliona ameishika."

"Imefunikwa?"

"Imefunikwa, ndiyo. Kwani kuna tofauti?"

Msahihishaji alikwishafika dirishani na kurudi.

Saa nne akaingia mwandishi, na meneja akamrukia. Kisa kilikuwa cha kweli: mwandishi alitaka mwizi awe Kicheche, Shangazi akashikilia Kenge, na jana mwandishi aliapa mbele ya watu kwamba ukurasa ule hautachapwa akiwa hai.

"Hasira zangu zinaishia mdomoni," alisema mwandishi. "Muulizeni mke wangu. Na kwenye msafara huu wa mamba, kenge mliyemwona ni mimi?"

"Uliondoka saa tisa," msahihishaji alimkatiza. "Picha ilifika saa kumi. Kaa, unywe chai."

Zilibaki saa nne, kisha tatu. Msahihishaji alipanda na kushuka ngazi bila sababu. Alizitandaza picha thelathini mezani, akaziangalia kama anavyosoma prufu, herufi kwa herufi. Mistari ya kivuli, ile inayopigwa sambamba chini ya mkia wa Nguchiro, ilikuwa imelalia kushoto kurasa zote. Kando yake msichana alikuwa anachonga penseli kwa mkono wa kushoto.

Mashoto, na mistari ya mashoto hulalia hivyo. Shangazi je? Shangazi alikuwa anakoroga chai kwa mkono wa kulia.

Saa sita na nusu aliichukua ile shashi akaisimamisha dirishani. Wino wa picha ulikuwa haujakauka vizuri ulipofunikwa, nao ulikuwa umeacha alama upande wa chini.

"Mistari imelalia kushoto pia," alisema meneja akichungulia. "Mkono uleule. Basi?"

"Mkoba wa Nguchiro huwa bega gani?"

"La kushoto. Kila mtoto anajua."

"Hapa uko la kulia. Tunaiangalia alama kinyume, kama mtu kwenye kioo." Akaigeuza shashi. Mkoba ukarudi bega la kushoto, na mistari yote ikalalia kulia. Tena haikunyooka. Ilikuwa na mawimbi madogo madogo toka mwanzo hadi mwisho.

Msahihishaji, kwa mara ya kwanza mwaka ule, aliketi.

Saa saba na dakika ishirini aliwaita wote chumbani.

"Picha thelathini zimechorwa na mtu wa mkono wa kushoto," alisema. "Moja imechorwa na wa mkono wa kulia, na mkono huo unatetemeka. Binti huyu anajua ni nani, ndiyo maana amekubali kufukuzwa kuliko kusema. Picha ni kubwa kama sinia, haifichiki chini ya gauni. Jana mkoba wa kuitosha ulikuwa mmoja tu. Na mwenye mkoba alirudi ndani kufuata miwani." Sauti ilimpungua. "Shangazi, miwani yako haijawahi kutoka shingoni."

Meneja alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye.

Shangazi aliuvuta mkoba wake kutoka nyuma ya kiti na kuitoa picha. Kenge alikuwa amepinda, yai limebonyea, na Nguchiro alionekana kama amenyeshewa.

"Mwaka wa pili huu mkono haunitii," alisema. "Mtoto ndiye anayechora. Ukurasa huu mmoja niliomba nichore mwenyewe, maana jina ni langu. Jana nilipouweka juu ya zake, nikauona. Kitabu changu, na ukurasa mbovu kuliko zote ndio wangu. Nikaona haya. Nilidhani ukipotea, mtoto atachora mwingine, mambo yaishe."

"Na mimi?" aliuliza msichana. Sauti yake haikuwa ya upole tena. "Ungeniacha nifukuzwe, Shangazi?"

Bibi yule hakukwepa. "Nilijiambia nitasema ikifika saa nane kasoro. Sijui kama ningesema."

Msichana alilia kwa hasira, bila kujificha, na hakuna aliyethubutu kumshika bega.

"Haya," meneja alisema, macho kwenye saa ya ukutani. "Tuna nusu saa. Binti, samahani. Chora huo wa mwisho haraka."

"Sichori."

"Unasemaje?"

"Nikiuchora huo, Shangazi atakuwa hana hata ukurasa mmoja, na jina lake juu litakuwa uongo mtupu. Iende hiyohiyo, na Kenge wake alivyopinda." Akajifuta uso. "Na langu liwekwe. Thelathini ni zangu."

Mwandishi alikohoa na kusema kwamba, kusema kweli, huyo ndiye Kenge wa kwanza anayeonekana kweli ameiba na anajua ameiba. Safari hii alikuwa amesema kitu cha maana.

Shangazi aliivuta prufu ya jalada. Aliomba kalamu nyekundu, na juu ya jina lake akaandika jina la mpwa wake, polepole, akiushika mkono mmoja kwa mwingine. Kisha akamsukumia msahihishaji.

"Soma. Angalia kama kuna kosa."

Msahihishaji alilisoma jina lile mara mbili, herufi kwa herufi.

"Hakuna," alisema, na chini gari la kiwanda likapiga honi.