Madam Aliyemleta Mume Wangu Mlangoni

Nina miaka thelathini na minne, mama wa msichana mmoja, Mwende. Kwetu ni Kitui, lakini ndoa yangu niliivumilia Kambi Muru, Kibera, kwa mume fundi wa kuchomelea vyuma. Mikono yake ilijua kazi... na ilijua kunipiga.

Siku aliponing'oa jino mbele ya mtoto, nilikimbilia ofisi moja ya ustawi wa jamii kule Makina. Nikapokewa na Madam Lilian. Sauti tamu, kadi shingoni, marashi ofisi nzima! Alinishika mkono, nikalia. Akanitafutia chumba Kawangware kwa mama mmoja mshonaji, akaapa hakuna atakayejua.

Lakini kwenye kiti hicho hicho alinisimulia habari za mwanamke wa mtaa jirani wa Silanga... jina lake, ugonjwa wake, na vile mumewe alivyomwacha. Nilimhurumia yule mwanamke. Kwa nini sikujihurumia mwenyewe?

Wiki chache baadaye nilikuwa nafua uani. Nikasikia ile sauti tamu langoni. Nyuma yake alisimama mume wangu, amevaa suti ya kanisani.

"Mama Mwende, nimekuletea bwana yako," akasema, akitabasamu. "Ameokoka. Ndoa ni kuvumiliana."

Nilimwambia naogopa. Akacheka, akasema wanawake wa siku hizi hatujui kusamehe. Akaomba sala ndefu, akamaliza soda yake, akaenda zake.

Hata hajafika steji ya matatu, mkono wangu ulikuwa umevunjika. Yule mama mshonaji na majirani ndio walioniokoa na huyo aliyeokoka.

Madam alikuja hospitalini. Nikadhani ameleta pole.

"Kwani ulimwambia nini akakasirika hivyo?" akaniuliza.

Nilimtazama... nikageukia ukuta. Hakustahili hata tusi langu.

Leo mume yuko rumande. Mimi na Mwende tunaishi mahali nisipopataja. Afisa mwingine niliyepewa, baba wa makamo asiye na maneno mengi, aliniuliza kwanza ni nani hapaswi kujua niko wapi. Nililia upya. Kumbe kazi yenyewe huanzia hapo!

Dada yangu, usimwage moyo kwa sababu mtu ana kadi na mkono laini. Msikilize anavyowataja waliokutangulia. Akiwaanika, inuka uende, hata kama machozi bado yanatiririka.

Na jina la unakoelekea, usimwachie.