Mwambie Mtu Unakokwenda

Kila asubuhi Kamanthe aliipangusa pikipiki vumbi, ingawa haikuwa imekwenda popote.

Ilikuwa pikipiki ya mumewe, Kitheka. Kitheka alifariki mwaka uliopita kwa ugonjwa wa figo. Tangu siku hiyo pikipiki ilisimama sebuleni kando ya kochi. Juu yake zilining'inia helmeti mbili. Moja ilikuwa ya Kitheka. Ya pili ilikuwa ya abiria, na abiria alikuwa Kamanthe.

Binti yao, Linet, alifanya kazi kiwandani Mavoko. Alipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Siku sita zilizobaki, nyumba ile ya Kalama ilikuwa kimya. Kamanthe alisikia hata kuku wakichakura udongo nje.

Mwezi wa Novemba, kikundi cha akina mama kilitafuta mtu wa kuchanja kuku. Kamanthe alisomea kazi hiyo siku tatu. Kisha mwenyekiti akamuuliza, "Utafika vijijini na nini?"

"Niko na pikipiki. Kitheka alinifundisha, na leseni niko nayo."

"Na barabara, je? Huko ndani ni changarawe tupu."

Kamanthe alicheka. "Miaka kumi na moja nimepita barabara hizo nyuma ya Kitheka. Nitapotea vipi?"

Jumanne, saa mbili asubuhi, simu ililia. Alikuwa Munyiva, mama mfugaji wa upande wa pili wa mto.

"Mwaitu, mama yetu, kideri kimeingia kwa jirani," alisema. "Kuku tisa wamekufa tangu jana. Wangu bado wako wazima. Kuja leo, tafadhali. Kesho nitakuwa nachimba shimo la kuwazika."

"Nakuja. Kwako ni wapi?"

"Ukifika njia panda ya kanisa, shuka mtoni, uvuke. Halafu uulize kwa Munyiva."

"Hapo napajua," Kamanthe alisema.

Alichukua chanjo kwa daktari wa mifugo. Ilikuwa ndani ya kisanduku chenye barafu. "Barafu hii itadumu hadi saa sita," daktari alimwambia. "Chanjo ikipata joto, imwage. Haitasaidia kuku yeyote."

Kamanthe alikifunga kisanduku nyuma ya pikipiki kwa kamba za mpira. Kando yake alifunga helmeti ya abiria. Hakujua kwa nini. Alivaa ile ya Kitheka, akaondoka. Hakumwambia mtu yeyote anakokwenda. Angemwambia nani?

Kwenye njia panda ya kanisa alisimama. Njia zilikuwa tatu. Mbili zilishuka. Zote zilikuwa nyekundu, zote zilikuwa na mawe.

Kitheka alikuwa akikata wapi? Kamanthe alijaribu kukumbuka. Alikumbuka jaketi lake la kijivu. Alikumbuka mshono uliofumuka begani. Njia hakuikumbuka. Miaka kumi na moja alikuwa ametazama mgongo.

Kando ya barabara mwanamke mmoja alikuwa akipalilia mbaazi. Kamanthe alitaka kumuuliza, akaona haya. Mke wa Kitheka kuuliza njia! Kitheka ambaye alijua kila kichochoro cha Kalama!

Akashika njia ya kushoto.

Baada ya muda aliona matawi mabichi yamelazwa barabarani. Alidhani ni kuni zimeanguka kutoka kwa punda. Akayazunguka. Mbele kulikuwa na kona, nayo kona ilikuwa imejaa changarawe laini. Kamanthe aliogopa. Akabana breki ya mbele kwa nguvu. Gurudumu la mbele likateleza, na pikipiki ikamlalia mguu.

Injini ilizima. Vumbi likatulia. Alitoa simu mfukoni, lakini hakukuwa na mtandao.

"Kuna mtu?" aliita.

Mlima ulimrudishia sauti yake mwenyewe.

Hapo wazo moja lilimjia, likamwumiza kuliko mguu. Nisiporudi nyumbani, nani atajua? Alihesabu siku. Linet angepiga Jumapili. Leo ilikuwa Jumanne.

"Wewe!" Sauti ilitoka juu ya kona. "Kwani matawi hukuyaona?"

Mwanamke mrefu alikuwa akishuka mbio, jembe mkononi. Alivaa kizibao cha rangi kali cha wafanyakazi wa barabara. Jina lake lilikuwa Mwikali.

"Niliyaona," Kamanthe alisema. "Nilidhani ni kuni."

"Kuni! Kuni gani zinapangwa katikati ya barabara kama meza ya harusi?" Mwikali aliinua pikipiki. "Umevunjika?"

"Hapana. Nimechubuka tu. Kisanduku changu!"

Kamba zilikuwa zimekishika. Kamanthe alikifungua. Barafu ilikuwa imebaki nusu.

"Ni saa ngapi?"

"Saa nne na nusu. Njoo uone kitu kwanza."

Mwikali alimshika mkono, akamwongoza hadi mwisho wa kona. Barabara ilikatika pale. Mvua ya Jumamosi ilikuwa imebeba kivuko chote. Kulikuwa na shimo refu kuliko mtu, na chini yake mawe.

"Matawi nimeyaweka mimi," Mwikali alisema. "Ukiona matawi mabichi barabarani, usiyazunguke. Simama. Kuna mtu anakuambia jambo."

Mwikali alimkalisha kwenye jiwe, akampa maji.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Munyiva. Kuku wake watakufa."

"Kwa Munyiva ni njia ya katikati. Uliuliza nani?"

"Sikuuliza."

"Uliza, mwaitu. Tena uliza watu wawili. Usiseme tu, 'Njia ni gani?' Sema, 'Leo pikipiki imepita?' Huku, njia ya jana si njia ya leo. Mvua haiombi ruhusa."

Kisha alimwonyesha barabara kwa mpini wa jembe. "Tazama. Changarawe laini imejaa katikati na pembeni. Magurudumu yamepita wapi?"

"Hapa. Pamekuwa pagumu."

"Fuata hapo. Punguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ikiwa imenyooka. Ndani ya kona usibane breki ya mbele. Na usukani usiukabe kama shingo ya mwizi. Uache ucheze kidogo."

"Mimi hutazama gurudumu la mbele."

"Ndiyo maana umeanguka. Tazama mbali, pale unapotaka kufika. Gurudumu litafuata macho."

Walisukuma pikipiki hadi kwenye matawi. Mwikali aliigusa ile helmeti ya pili.

"Hii ni ya abiria? Abiria yuko wapi?"

Kamanthe aliipangusa helmeti vumbi.

"Basi, nani anajua uko huku?"

"Hakuna," Kamanthe alisema. Machozi yalimtoka ghafla. "Hakuna mtu wa kumwambia."

Mwikali aliweka jembe chini. Kisha akatoa simu yake ndogo, kioo chake kina ufa.

"Niambie mimi," alisema. "Mimi pia nakaa peke yangu. Asubuhi uniambie unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Ukifika nyumbani, niflashi: simu ilie mara moja tu, ukate. Si lazima tuongee." Akampa namba yake.

Kamanthe alirudi njia panda. Yule mwanamke alikuwa bado kwenye mbaazi zake. Safari hii alimuuliza. Mbele kidogo, kwenye kinu cha unga, aliuliza tena. Wote walisema njia ya katikati. Kwenye kona alipunguza mwendo mapema, akatazama mbali, kisha akavuka mto.

Alifika kwa Munyiva saa tano na robo. Vipande vya barafu vilikuwa vidogo kama maharagwe, lakini chanjo ilikuwa baridi. Munyiva alishika kuku mmoja mmoja. Kamanthe alitia tone moja katika jicho la kila kuku. Kuku arobaini na wawili.

Aliporudi nyumbani, aliiflashi ile namba. Simu ya Mwikali ikaiflashi yake. Nyumba ilikuwa kimya kama jana, lakini kimya kile hakikuwa kizito kama jana.

Kuku wa Munyiva walinusurika. Kamanthe alinunua daftari, akaandika alama za kila njia: kinu cha unga, tangi jeusi, kalvati iliyopasuka. Kila asubuhi alimwambia Mwikali anakokwenda. Kila jioni aliflashi.

Siku moja mwezi wa Januari alipata pancha mbali, na simu ikazima. Alikuwa amemwambia Mwikali angerudi saa nane. Saa kumi na moja jua lilikuwa limeegemea mlima, naye bado alikuwa njiani. Kwenye mteremko aliona mtu akija kwa miguu, haraka, jembe begani.

Kamanthe alisimamisha pikipiki. "Mwikali! Unakwenda wapi saa hizi?"

"Wapi? Nakutafuta wewe! Unafikiri nimekuja kupalilia barabara jioni hii?" Mwikali alikuwa akihema. "Saa tatu nzima! Nimeangalia kila mtaro!"

Kamanthe alitaka kusema samahani. Alifungua kamba za mpira, akampa helmeti ya abiria.

Mwikali aliivaa, akapanda nyuma. Pikipiki ilishuka kidogo kwa uzito wa mtu.

"Usitazame mgongo wangu," Kamanthe alisema. "Tazama njia."