Wembe Ulioshuka Kichwani kwa Mama

Nina umri wa miaka thelathini na mbili, sina mke, na shule niliiacha darasa la nne. Ndugu wasomaji, msinionee huruma bado... Nisikilizeni kwanza!

Tangu utotoni pale Kwamndolwa nilikuwa na ugonjwa mmoja: kuuliza. Nilipokuwa nakata mkonge huko huko Korogwe, tulikuwa na fundi mitambo mmoja, Mzungu, aliyesemekana kwamba anamwabudu Shetani. Wenzangu walipita mbali naye. Mimi nilimwendea nikamuuliza.

Alicheka sana! Akaniambia haamini Mungu, wala haamini Shetani mwenye pembe. Kwake yeye na wenzake, Shetani ni jina tu, mfano wa mtu anayekataa kupiga magoti. Hawachinji watoto, hawaruki na ungo. Wapo wengine, alisema, wanaoamini kweli kwamba yupo, na humwomba, lakini yeye si wa kundi hilo. "Bwana wangu ni mimi mwenyewe," alisema huku akifuta grisi mikononi. Niliona mtu mwenye majivuno. Mchawi sikumwona.

Baadaye nilimfuata mama, aliyekuwa amerudi kwao Handeni, katika kijiji cha ujamaa. Kwenye shamba la pamoja, jembe mkononi, niliyasimulia hayo yote. Rafiki yangu Hamza alicheka kuliko wote. "Mwehu wewe, hebu endelea!" alikuwa akisema.

Mvua ikakataa. Surua ikaua watoto wawili. Ndipo akaletwa mganga wa kunyoa wachawi. Sheria yake ilikuwa hii: anayetajwa anakaa kwenye kigoda, ananyolewa, anakunywa dawa, anasamehewa. Akikataa, anafukuzwa yeye na nyumba yake yote.

Nani alinitaja? Hamza! Yule yule! Alisimama mbele ya watu akasema Mzungu amenifundisha ushetani. Aliogopa kicheko chake kisije kikamponza yeye.

Nilikataa kukaa. Ninyolewe kwa kosa gani? Kwa kuuliza? Nilidhani jeuri yangu ni mzigo wangu peke yangu... kumbe!

Mama alijitokeza, akavua mtandio wake, akaketi.

"Mganga, njoo huku. Mnamtaka mchawi? Mimi hapa! Huyu ana mdomo tu."

"Mama, inuka!" nililia.

"Nyamaza. Nihamie wapi na magoti haya?"

Mganga akamkubali badala yangu, akanyolewa. Wakamsamehe kwa midomo. Lakini tangu siku ile watoto walikatazwa kumwamkia shikamoo, na kisimani wanawake waliyamwaga maji aliyoyagusa. Alipofariki mwaka uliofuata, jeneza tulilibeba watu wanne tu, bila wa kutupokea. Hamza hakuwamo.

Je, najuta kuuliza? Hata kidogo! Nitauliza mpaka niingie kaburini. Najuta kwamba nilishindana na mganga, nikamsahau mama aliyesimama nyuma yangu. Ningemchukua mapema tukarudi Korogwe, nani angetuzuia?

Ndugu zangu, mkitaka kujua mtu anaamini nini, muulizeni mwenyewe, msimuulize anayemwogopa. Na wembe ukiletwa kijijini kwenu, msikubali asiye na kosa akiri ili nyinyi mlale kwa amani. Semeni! Mimi nilisema nikiwa nimechelewa.

Mama yangu aliitwa Mwanahawa. Hakuwa mchawi. Hamza, kama unasoma haya, wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote!