Nilinunua Kuta, Minazi Ikabaki na Mwenyewe

Ndugu wasomaji, nina miaka arobaini na minne, na sina pangu.

Nilitoka Songea kwa miguu mpaka Iringa, nikadandia lori hadi Dodoma, kisha garimoshi likanifikisha Dar es Salaam nikiwa mweupe kwa vumbi. Nilikuwa kijana niliyetoka sekondari. Nikapata ukarani bandarini.

Mimi na mke wangu Anastazia tulipanga chumba Temeke, nyumbani kwa Salumu. Tulikula sahani moja. Wanangu aliwaita wanawe! Alipotaka kurudi kwao Kilwa, akasema nyumba haiuzi kwa mtu baki, ataniuzia mimi. Nililia kwa furaha... Ilikuwa ya miti na udongo, makuti juu, lakini yangu! Tuliuziana mbele ya majirani. Akiba yetu yote ikaishia pale.

Uani palikuwa na minazi. Kila msimu Bi Mwanahawa, mjane wa mtaa wa pili, alileta mkwezi, akaangua nazi, akatuachia chache. Nilidhani ni hisani ya Salumu kwa mjane, nikaona haya kuuliza. Alipokuja mara ya kwanza baada ya mimi kununua, nikasimama chini ya mnazi.

"Shikamoo, bibi. Hapa sasa ni kwangu."

"Marahaba, mwanangu. Hongera. Sogea basi, nazi isikupasue kichwa na nyumba hujaifaidi."

"Bibi, nimenunua."

"Nyumba umenunua kwa Salumu. Minazi umenunua kwa nani?"

Mkwezi akacheka huko juu. "Watu wa bara hawa!"

Kwetu, aliyejenga ndiye mwenye mahali. Kumbe pale, mwenye minazi ndiye mwenye shamba, na nyumba ni mgeni wake tu! Salumu alikuwa amepewa ruhusa ya kujenga, basi. Niliwauliza majirani walioshuhudia kwa nini walinyamaza. Wakashangaa. "Karani, tulidhani unajua. Nani asiyejua?"

Nilimfuata Salumu mpaka Kilwa. Akanikaribisha chai.

"Kaka, nilikuuzia nyumba," akasema taratibu. "Ulinisikia nikitaja ardhi?"

Nikanywa ile chai. Sijui kwa nini niliinywa...

Bi Mwanahawa aliniambia nikae, hatanifukuza maadamu yu hai. Akafariki. Wanawe wakauza shamba kwa mfanyabiashara, naye akanitaka nihame. Nilikwenda barazani kwa liwali, nikaambiwa vilivyo vyangu ni miti, makuti na milango. Nivichukue.

Anastazia hakunilaumu. Laiti angenilaumu! Alifunga mizigo, akarudi kwao na watoto. Barua zangu hazijibu.

Siku ya kuondoka niling'oa mlango wa mbele, nikajitwika kichwani, nikatembea nao kutoka Temeke hadi stesheni. Watu walinipisha njia kama wanavyopisha jeneza. Sikulia. Nilikuwa nikiwaza tu kwamba sikufagia uani.

Tangu hapo nimetanga nao, Morogoro, Tabora, Mwanza. Usiku naulaza juu ya matofali, nalala. Wakati mwingine napapasa kitasa chake gizani, nakumbuka watoto walivyogombania kukifungua...

Wewe unayetafuta nyumba Temeke, Kinondoni au popote ugenini, nakusihi! Usitosheke kugonga ukuta kujua uimara wake. Inua macho, uulize mti ule ni wa nani. Watakucheka, watakuita mtu wa bara. Waache wacheke, wewe uliza. Mimi nilionea haya swali moja, na leo nina mlango usio na nyumba.