Mitungi Saba ya Pudensiana

Pudensiana alikuwa mfinyanzi wa Mwamkulu, nje kidogo ya Mpanda. Mwaka 1996, shule moja ya Tabora iliagiza kwake mitungi kumi na miwili ya maji ya kunywa. Akaifinyanga, akaichoma, akaizungushia mifuko ya nailoni, akaipakia kwenye treni.

Baada ya wiki barua ikaja. "Mitungi saba imefika vipande. Tuletee mingine kabla shule haijafunguliwa. Ikivunjika tena, tutatafuta mfinyanzi wa huku."

Pudensiana aliisoma mara mbili, kisha akachukua jembe.

"Unaenda wapi?" Isidori, mumewe, akamwuliza.

"Bondeni, kuchimba udongo. Safari hii mitungi itafika mizima."

Mitungi ilipokuwa tayari, akaanza kukusanya mifuko ya kufungia. Mama Nkwabi, jirani mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, akaingia na mfuko uliotafunwa.

"Mdogo wangu, huu nimeutoa mdomoni mwa ndama. Angeumeza, ungemziba tumbo akafa."

"Nisamehe, dada. Upepo uliupeperusha. Na mitungi yenyewe ilivunjika."

"Nailoni ni nyembamba, haizuii kishindo. Ukiitupa, haiozi. Sisi tulipohama, vibuyu vya maziwa tulivifungia majani makavu ya mpunga. Twende shambani, yamejaa tele."

Wakarudi na mizigo ya majani. Mama Nkwabi akapapasa kila fungu. "Mabichi yaache, yataota ukungu."

Wakatandika tabaka nene la majani ndani ya tenga. Wakajaza majani ndani ya mtungi, wakasuka kamba ya majani na kuuzungushia, wakauweka katikati ya majani.

"Mtungi usiguse ukuta wa tenga, wala usigusane na mwenzake," Mama Nkwabi akasema. "Haya, tikisa."

Pudensiana akatikisa. Ko, ko.

"Unasikia? Kinachocheza ndicho kinachovunjika."

Pudensiana akafungua tenga lote, akaanza upya. Mara ya pili likagonga tena. Mikono ilimwasha kwa majani, lakini hakuacha. Mara ya tatu tenga likawa kimya. Akapanga matenga mengine vivyo hivyo, akayafunga yote kwa kamba za katani, akayapakia kwenye treni.

Barua ya pili ilikuja siku ya gulio. Pudensiana akaipeleka moja kwa moja zizini, akamsomea Mama Nkwabi:

"Mitungi yote saba ni mizima. Majani tumeyatandaza kwenye bustani ya mchicha. Tunaomba mingine kumi, ifungwe vilevile."

Mama Nkwabi akaweka chini ndoo ya maziwa. "Soma tena hapo penye saba," akasema.