Mizizi ya Mtopetope Chini ya Ngwasi

Zama zile ambapo kila mlima wa Upare ulikuwa na mfalme wake, na wanaume walikwenda vitani wamevaa ngozi za mbuzi na kubeba podo za mishale, mji wa Ngwasi ulizingirwa na jeshi la Kivungu. Mfalme Mbonea alikuwa amechomwa mshale pajani, na kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Mganga wake, Bibi Nakijwa, alitaka mizizi ya mtopetope, mti mdogo ambao kwa bahati mbaya uliota mteremkoni, karibu kabisa na kambi ya adui.

Akaenda Senkondo, mkuu wa wapiga mishale, asubuhi ukungu ukiwa mzito. Alipoufikia mti alimkuta mtu mzima wa Kivungu amepiga magoti, anachimba kwa ncha ya mkuki. Senkondo akavuta upinde.

"Ngoja nimalize," yule mtu alisema bila kuinuka. "Mwanangu ana jeraha la tumbo. Nikishampelekea dawa, nitarudi uniue."

Senkondo hakujua la kufanya. Alibaki ameuvuta upinde. Mwishowe aliuweka chini, akachimba upande wa pili.

"Mlimuulia nini mjumbe wetu, mkaleta vita hivi?" yule mtu akauliza.

"Mjumbe gani? Ninyi ndio mliomuua wa kwetu."

"Aliitwa nani, huyo wenu?"

Senkondo alifungua kinywa, akakosa jina. "Na wenu je?"

Yule mtu naye hakuweza kulitaja. Waligawana mizizi, kila mmoja akashika njia yake.

Homa ya mfalme ilipopungua, Senkondo alimwuliza, "Mfalme wangu, tulimtuma nani Kivungu akauawa?"

"Nilisikia kuna mtu wetu ameuawa," alisema Mbonea. "Ila mimi sikumtuma mtu."

Akamwamuru ateremke akawaeleze watu wa Kivungu hivyo. Senkondo aliteremka bila silaha, akamkuta yule mtu wa mtini akifukia kaburi la mwanawe. Akamweleza.

"Nami nimewauliza wakubwa wangu," yule mtu alijibu, akisawazisha udongo kwa viganja. "Hakuna aliyetumwa. Sasa huyu nimwambie amefia nini?"

Senkondo alipiga magoti, akamsaidia kusawazisha udongo.

Habari hiyo ilipowafikia wakubwa wake, jeshi la Kivungu liliondoka siku ileile. Watu wa Ngwasi walipiga ngoma, wakatunga wimbo wa Senkondo aliyewatimua adui. Kila ulipoimbwa, yeye aliinuka akatoka nje. Mkewe alipomwuliza sababu, alisema hajui wanaimba vita gani.